Baada ya Tippu Tip, Tusome Nini?

Orodha yetu ya vitabu vya kusoma imefika majina 63. Wasomaji ni 14 Jumamosi yenye watu, saba Jumamosi ya mvua. Kitabu kimoja kinatuchukua miezi miwili, kwa sababu tunakisoma kwa sauti na kwa sababu mara nyingi nakala ni moja tu. Piga hesabu mwenyewe: tukifuata orodha toka juu hadi chini, tutamaliza baada ya miaka kumi na nusu. Na orodha haikai kutusubiri, kila mwezi inaongezeka. Miaka kumi na nusu kutoka leo, nani kati yetu atakuwa bado hapa Nsambya? Mmoja atakuwa amepata safari ya Kanada, mwingine amerudi Uvira, mwingine amehamia Nakivale kwa sababu kodi ya nyumba ya Kampala imemshinda. Kwa hiyo swali la kitabu gani kifuate si swali la starehe. Kila kitabu tunachokisukuma nyuma, kuna mwenzetu ambaye hatakisoma pamoja nasi kamwe.

Mpaka sasa tumekuwa tukichagua kwa njia tatu, na naomba nizipime moja moja.

Ya kwanza ni kura. Kura ni haki, hakuna wa kulalamika. Lakini kura inalipa ushindi jina ambalo limeshasikika redioni. Kitabu ambacho mtu mmoja tu anakijua, hata kiwe kizuri namna gani, kitabaki chini ya karatasi mpaka karatasi ichakae.

Ya pili ni katoni. Mgeni mwema anakuja na katoni, ndani kuna nakala kumi za kitabu kimoja, na nakala kumi ni hoja nzito kwa watu waliozoea kugombania moja. Ndivyo City of Thorns ya Ben Rawlence kuhusu kambi ya Dadaab ilivyoingia kwetu, na ndivyo What Is the What ya Dave Eggers ilivyoingia, ile ya safari ya Valentino Achak Deng kutoka Sudan kupitia Kakuma. Ni vitabu vya kazi ya kweli, sivikatai. Ila baada ya kuvisoma viwili mfululizo, mama mmoja alisema hivi: "Hii tunaijua. Kwani hawa wazungu hawana kitabu ya kitu ingine?"

Ya tatu ndiyo inayopendwa zaidi: tuchague kinachotuhusu. Inasikika vizuri, lakini uliza, kinachotuhusu ni kipi? Kijana aliyekuwa fundi wa pikipiki Bukavu anahusika na injini. Mama anayetembeza vitenge anahusika na deni, na mteja anayesema "nitalipa kesho". Kama kinachotuhusu ni ukimbizi peke yake, basi kila kitabu kinakuwa mahojiano tena: unatoka nchi gani, ulivuka mpaka lini, ulipoteza nani. Hayo tumeshayajibu ofisini, mengine mara nne. Hatuna haja ya kuyajibu Jumamosi pia.

Mimi napendekeza njia ya nne. Kitabu kinachofuata kiwe kile kinachobishana na kile tulichokimaliza.

Wengi wetu tumekulia mahali ambapo wazee wanakaa kusikiliza kesi ya shamba au ya mahari. Hakuna mzee mwenye akili anayetoa hukumu baada ya kusikia upande mmoja. Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake, na mwandishi naye ni mwamba ngoma. Kitabu kimoja kikisomwa peke yake kinakuvuta mpaka unadhani ngozi yote iko upande huo. Kikija cha pili kinachovuta kwingine, ndipo msomaji anakaa kwenye kiti cha mzee wa baraza na kuanza kupima. Kwa watu ambao kila siku wanapimwa na wengine, kukaa kwenye kiti kile si jambo dogo.

Nionyeshe kwa mfano ulio mkononi.

Tumetoka kumaliza Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Mzee mmoja wa Maniema alikileta kwa fotokopi iliyofifia. Kwa wasiomjua, Tippu Tip alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1887 alifanywa gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya Leopold II, mfalme wa Wabelgiji. Mahali hapo leo ni Kisangani. Alifariki Unguja mwaka 1905. Habari za maisha yake aliziacha kwa Kiswahili, Mjerumani Heinrich Brode akazichapisha mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye East African Literature Bureau ikazitoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley.

Ukikipima kama maandishi, ni kitabu cha mtu mwenye haraka. Anafika, anapigana, anapata pembe, anaondoka. Mvua haielezi, msitu hauelezi. Watu wanakufa katika nusu ya sentensi, lakini pembe zinapimwa kwa frasila. Hapo ndipo unapomjua mwandishi: tazama anahesabu nini na anaacha nini bila hesabu. Wakati huohuo, nguvu ya kitabu iko palepale. Hajitetei, haombi radhi, hapambi. Msomaji anapewa mtu mzima, kama alivyo, na ni kazi yako kuamua utamfanya nini.

Sehemu iliyotusimamisha ni ile ya Utetela. Tippu Tip anasikia kwamba zamani ndugu wa kike wa mtemi Kasongo Rushie walitekwa na kupelekwa mbali. Basi anakuja na habari kwamba bibi yake mwenyewe alitoka katika damu hiyo. Mtemi mzee anaamini kwamba mjukuu amerudi nyumbani, anampokea, na mwishowe anamkabidhi utawala. Tippu Tip anaisimulia kama mtu anavyosimulia kete nzuri ya bao. Hakuna mstari mmoja wa kujiuliza mzee yule aliupokea vipi ukweli, kama aliwahi kuujua.

Chumba kikagawanyika. Mmoja akasema, "Huyu ndiye alituletea Kiswahili." Mwingine hakumwacha amalize: "Alituuza kwanza, ndio akatuletea." Na wote wawili wana haki. Kiswahili chetu cha mashariki ya Kongo kiliitwa Kingwana, neno linalotokana na waungwana, yaani watu wa misafara ile. Kasongo, Nyangwe, majina ambayo kwa baadhi yetu ni kwa babu na bibi, katika kitabu hiki ni vituo vya pembe. Lugha tuliyotumia kumlaumu Tippu Tip ilipita njia yake.

Na jambo hili si la Wakongo peke yetu. Hapa Kampala Kiswahili kimebeba mzigo mwingine: kwa wazee wengi ni lugha ya kambi za jeshi, lugha ya mtu mwenye bunduki barabarani. Mwezi wa saba mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Lakini abiria anayekaa karibu nawe kwenye taksi ukianza kuongea Kiswahili kwenye simu, uso wake bado haujapata taarifa hiyo. Kwa hiyo swali "lugha hii ilikuja na nani, na sasa ni ya nani?" tunalo sisi na wenyeji wetu kwa pamoja.

Baada ya kitabu cha namna hii, kuruka kwenda jina linalofuata kwenye karatasi ni kuivunja baraza kabla upande wa pili haujasema. Upande wa pili upo, na uko kwa Kiswahili: Peponi ya Abdulrazak Gurnah.

Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka kijana baada ya mapinduzi, akaishi Uingereza, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Riwaya hii aliiandika kwa Kiingereza, Paradise, mwaka 1994. Ida Hadjivayanis aliitafsiri, na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ikaitoa mwaka 2022. Sipendekezi kwa sababu ya Nobel. Napendekeza kwa sababu inatembea njia ileile ya Tippu Tip, ila anayetembea ni mtoto.

Yusuf ana miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo isiyolipa. Tajiri mmoja, Aziz, hupita kwao mara kwa mara, huwa anamwachia mtoto sarafu, na mtoto anamwita kwa jina la undugu. Siku moja Yusuf anaambiwa aende naye pwani. Hakuna anayemweleza kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Anayemfungua macho ni Khalil, kijana wa dukani aliyewekwa rehani kabla yake: yule si ndugu yako, mwite Seyyid, yule ni bwana wako.

Sasa viweke vitabu hivi viwili kwenye mkeka mmoja. Kwa Tippu Tip, undugu wa kubuni ni ujanja uliofanikiwa, na msimulizi ndiye aliyeubuni. Kwa Gurnah, undugu wa kubuni unamkalia mtoto shingoni, na tunautazama kutoka kwa yule aliyeuamini. Kitabu cha kwanza hakikuweza kutuambia jambo hili, kwa sababu mwenyewe hakuwa na haja ya kulijua. Nani kati yetu hajui msichana anayelala jikoni kwa "shangazi" ambaye si shangazi, hapa hapa Makindye? Nani hajawahi kumwita mtu "uncle" kwa sababu anamdai au anamtegemea? Ukisoma Peponi peke yake utamhurumia Yusuf. Ukiisoma mara baada ya Tippu Tip utamwona Aziz pia: mpole, mwenye manukato, asiyepandisha sauti, akifanya hesabu ileile ya frasila kwa adabu zaidi.

Halafu kuna msafara. Aziz na watu wake wanakwenda bara mpaka kwa mtemi Chatu. Njiani watu wa bara wanaitwa washenzi. Katika Kiingereza neno hili ni neno geni, msomaji wa London analiruka kama jiwe dogo kwenye wali. Katika Kiswahili hakuna pa kuruka. Sisi tunaosoma kwa sauti, zamu ikimfikia mtu wa Kindu au wa Fizi, atalitamka neno hilo kuhusu babu zake mwenyewe kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu. Ndiyo maana nasema tafsiri hii si kivuli cha kitabu cha Kiingereza. Imekirudisha kisu mahali kilipotoka.

Na Chatu anasema. Kwa Tippu Tip watemi wanaonekana zaidi wakishindwa au wakileta pembe. Chatu anawakumbusha wafanyabiashara ubaya wa waliowatangulia, na anazichukua bidhaa zao kama malipo. Hata hivyo tusimwimbie Gurnah sifa tupu. Chatu tunamwona kutoka upande wa msafara tu, na maneno yake yanapita kwa mkalimani ambaye wasikilizaji hawana uhakika kama anatafsiri yote. Wengine watasema ni upungufu: mtu wa bara bado hajapewa kitabu chake. Mimi naona pia ukweli mchungu ndani yake, kwa sababu wengi wetu tumekaa kwenye kiti kile, tukaongea dakika tano na kusikia mkalimani akimaliza kwa sentensi mbili. Hilo tulibishanie tukifika. Mwisho wa riwaya siusemi hapa. Tutahitaji Jumamosi nzima kwa ajili yake.

Kama mtu wa bara hajapewa kitabu chake kwenye Peponi, basi kitabu cha tatu kinajichagua chenyewe. Mwaka 1965, mjini Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji huo kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa wazungu. Jina alilolipa ni la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini maandishi ni Kiswahili, Kiswahili cha Katanga kama kinavyosemwa, bila kuomba ruhusa kwa sanifu. Ni mji uliotazamwa na waliopika, waliofua na waliolea watoto wa watu. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikitoa pamoja na tafsiri mwaka 1990, na maandishi yenyewe yanapatikana bure kwenye intaneti, kwa hiyo fotokopi ya Nasser Road inatutosha.

Kukisoma kwa macho ni taabu, maneno yameandikwa yakiungana na kukatika ovyo. Hata wataalamu walihitaji kusomewa kwa sauti na mtu wa Lubumbashi ndipo kikafunguka. Mnaona? Kitabu ambacho profesa alihitaji kusaidiwa kukisoma, kwetu kina wenyewe wawili waliokulia kule. Wale ambao kila mara wanasema "Hii Kiswahili ya Tanzania iko nguvu" wakati wa Peponi, hapa ndio watakuwa walimu, na wale wa Kigoma na Mombasa watakaa chini kuuliza maana.

Hivyo ndivyo vitatu vya kwanza: bwana wa msafara, mtoto wa rehani, boyi wa mjini. Nusu mwaka na kidogo, njia moja, pande tatu. Tukimaliza, lile swali la Kiswahili ni cha nani tutalijibu kwa ushahidi.

Njia hii inasaidia pia kupanga yaliyobaki. Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) iende na By the Sea ya Gurnah (2001). Karama, mshitakiwa wa Kusadikika, anapewa siku sita za kujitetea mahakamani, naye anaamini kwamba neno likisemwa vizuri litafungua jela. Saleh Omar wa By the Sea anashuka uwanja wa ndege wa Gatwick na pasi isiyo yake, anajifanya hajui Kiingereza, ananyamaza. Mmoja anatumaini ulimi, mwingine anauficha. Na By the Sea haikuingia hapa kwa sababu ni "kitabu cha mkimbizi". Imeingia kwa sababu mkimbizi wake si malaika: nyuma ya ukimya wake kuna nyumba, deni na ugomvi na ukoo mwingine, na inabidi uamue. Zaidi ya hayo, Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana hapa mjini, Makerere, lakini mkutano ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert hakuwemo, na mwezi huohuo alifariki. Kampala inamdai kiti. Tumpe, tumkalishe na Mzanzibari anayeandika Kiingereza.

Rosa Mistika ya Kezilahabi iende na Utengano ya Said Ahmed Mohamed: mabinti wawili, baba wawili wakali, mmoja anakufa na mwingine anarudi. Akina mama wa kikundi watakuwa na ya kusema kuliko wahakiki wote.

Kuna kimoja nasema kisubiri, na najua wapo watakaoudhika. Petit Pays ya Gaël Faye, ya mwaka 2016, ni kitabu kizuri cha Bujumbura kabla ya vita na wakati wa vita, na ndani yake kuna jirani Mgiriki, mama mwenye maktaba, anayemwazima mtoto vitabu wakati mitaa inawaka. Nani hatapenda hilo? Lakini msimulizi ni mtoto wa mtaa wa wenye nacho, baba Mfaransa, mama Mnyarwanda. Katika chumba chetu wanakaa Warundi ambao wazazi wao walikuwa mitaa tofauti mwaka ule, na wanakaa vizuri, wanacheka pamoja. Sitaki waipokee hadithi moja tu ya mji wao ikisomwa kwa sauti na mtu wa Goma. Kitabu hiki kinahitaji mwenzake, kutoka Kamenge au Buyenzi, au kutoka kilimani. Orodha yetu haina. Ndugu wa Nakivale, ninyi mna Warundi wengi kuliko sisi: mkikijua, cha Kirundi, Kifaransa au Kiswahili, tuandikieni kupitia jarida hili.

Vijana wana hoja yao na sitaiziba. Wanasema Kiingereza ndicho kinachotoa kazi na masomo, sasa kwa nini miezi sita ya Kiswahili? Ni kweli. Ndiyo maana By the Sea ni ya nne au ya tano na si ya sitini, na mwenye kuisoma mapema aanze leo, nakala ipo. Lakini wakumbuke pia kwamba mama anayesikia Kiswahili tu akikaa miezi minne akingojea kutafsiriwa, mwezi wa tano hatakuja. Nimeshaona viti vyao vikipungua hivyo.

Na ninyi wenzetu wa mashirika mnaosoma jarida hili: tunashukuru kwa katoni. Mkitaka kutusaidia zaidi, kabla ya kununua ulizeni tumemaliza kitabu gani, kisha tuleteeni kinachokipinga. Nakala tatu za Peponi, zikija na basi kutoka Dar es Salaam kupitia Mutukula, zingetufaa kuliko nakala kumi za kitabu cha kumi kuhusu kambi. Na kile cha kambi chukueni ninyi mkisome, halafu njooni Jumamosi mtuambie mmeona nini. Tutawasikiliza, na tutawauliza maswali.

Tunaanza Peponi na nakala moja. Atakayesoma sura ya kwanza ni yule aliyesema Tippu Tip alituletea Kiswahili. Atakayefuata ni yule aliyemkatiza.